Marobota Juu ya Chumba cha Mzazi

Dhoruba ya Novemba ilipopita, mtaa mzima wa Naif, huku ng'ambo, ulianika magodoro. Mimi nilibaki ndani na mwanangu Khairiya, aliyejifungua mtoto wa kike na arobaini yake haijatimia. Hicho ndicho kilichonileta kutoka Mombasa: kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga, na kuona havuki mlango na kichanga kabla ya siku zake.

Siku ya pili baada ya mvua niliona ufa darini, juu ya kitanda chao, mwembamba kama uzi wa cherehani. Siku ya tatu ungeingia kidole. Chokaa ikawa inadondoka kwenye chandarua cha mtoto, nami nikiifuta kimyakimya.

Chumba cha juu yetu mkwe wangu Wahid amekodi kuwekea marobota ya mablanketi ya kusafirisha. Upepo ulivunja dirisha, maji yakaingia, mablanketi yakayanywa yote. Nilimwuliza yana uzito gani sasa. Akasema yatakauka, na kontena linakuja Alhamisi. Kuyashusha mara mbili ni kujitesa.

Jumanne mchana mlango wa chumba ukakataa kufunga. Nikausukuma kwa bega, nikasikia ukuta unalia, sauti ndogo, kama mtu anatafuna mfupa.

"Vaa buibui, mama," nikamwambia Khairiya. "Tunatoka."

Akacheka. "Wewe huyu? Juzi hukuniacha hata nichungulie ngazini. Leo siku ya thelathini na moja. Si ulisema nitaingiwa na upepo?"

"Nilisema. Vaa."

Nilimkumbatia mtoto, tukashuka polepole kwa ajili ya mshono wake. Chini tukamkuta Wahid na mahamali wawili, migongoni wana marobota mengine.

"Haya makavu, mama," akasema.

Nikasimama kuwazibia mwanzo wa ngazi, mjukuu wangu kifuani. Mkwe hamsukumi mama mkwe, hilo nililijua. Akaanza kunieleza habari za kontena. Juu yetu kitu kikakatika, taratibu, kama kuni mbichi. Mahamali wakatua mizigo wakatoka nje bila kuambiwa.

"Kamwamshe Edna," nikamwambia Wahid. Edna ni jirani yetu wa mlango wa pili, askari wa zamu ya usiku, mchana hulala.

Alipanda mbio. Sisi tukavuka barabara, nikasimama juani kulitazama dirisha la Edna. Pazia lilikuwa bado limefungwa.