Matofali ya Geng na Jiko la Luo

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gae, lakini Geng Shouyi hata gae hakuwa nalo. Pale Linqing, kandokando ya Mfereji Mkuu, matanuru yalichoma matofali ya kasri la Mfalme kule Beijing, na kila tofali lilipigwa muhuri wa jina la mchomaji, ili likipasuka ajulikane wa kukamatwa. Yaliyokataliwa na mkaguzi tu ndiyo yaliyobaki mjini, na nusu ya mji ilijengwa kwa makosa ya watu. Geng alikuwa na miaka tisa hajakataliwa hata moja. Jiko la mkewe, Luo, lilikuwa la udongo, na mvua ilikwisha kuangusha ukuta mmoja.

"Baba Yan," Luo alimwambia, "jirani Qi hajui kuchoma hata kiazi, ana jiko la matofali! Mimi na sifa zako napika chini ya mwavuli. Safari hii mwagia tanuru maji mapema. Mia mbili yakiharibika, Mfalme atalala nje?"

"Nitajaribu."

Akapanda juu ya tanuru na ndoo, akasimama weee, akateremka nayo imejaa. Maji aliyamwaga siku tatu baadaye, wakati wake ulipofika.

Mkaguzi alikuja asubuhi, mashua za nafaka, zilizolazimishwa kubeba na matofali ya Mfalme, zikingoja kupakia. Aligonga matofali ya mbele, yakalia vizuri. Rundo la mwisho lilikuwa na madoa ya umande, hilo hakuligusa.

"Haya yabaki," akasema. "Mkono wa Geng umezeeka."

Moyo wa Luo uliruka kwa furaha. Jiko zima, na dohani juu! Akamtazama mumewe. Geng alikuwa ameinama, anaangalia viatu vyake.

"Umezeeka wapi?" Luo akajisikia anapayuka. "Mheshimiwa, hukuyagonga! Huo ni umande tu!"

Akanyakua tofali, akaligonga kwa jiwe. Likalia kama kengele. La pili nalo, na la tatu. Mkaguzi akakuna ndevu, akaashiria wapakiaji wabebe yote.

Mashua zilipoondoka, Geng alimgeukia. "Mama Yan, ulitakiwa kunyamaza tu."

"Najua! Usinikumbushe, nitalia." Lakini alikuwa anacheka, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba alikuwa na furaha. "Umezeeka! Mkaguzi mwenyewe kazeeka macho. Haya, kalete jembe, tukakande udongo."