Pale Santuri Inaporuka

Santuri ya Barthélemy iliruka mahali pamoja tu, na Likasi nzima ilipajua. Haya, si nzima. Wale tu waliowahi kucheza dansi sebuleni kwake, lakini hao hawakuwa haba. Ubeti wa pili ukianza, sindano hudunda na kumeza mstari mzima. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Siku mkewe Alphonsine alipojifungua Adrienne, mume alirudi kutoka mgodini Kamatanda, akakuta santuri inalia na habari za binti zinamngoja. Akapiga mguu chini kwa furaha, na buti zito la kazi. Meza ikatikisika, sindano ikakwaruza. Tangu hapo wachezaji wa nyumba ile walijifunza kuruka nayo: mguu wa kushoto juu, hopa, kisha wimbo uendelee.

Sasa Barthélemy alikuwa ametimiza mwaka kaburini. Jumapili ile, baada ya misa, familia ingeondoa matanga na Alphonsine angevua nguo nyeusi. Aliomba jambo moja tu: wimbo ule upigwe, na mumewe awemo.

Adrienne alikuja kutoka Lubumbashi na wimbo huohuo kwenye CD.

"Mama, sikia kwanza," alisema. "Ile disque inaruka, bantu batatucheka."

Gracien, mdogo wa marehemu Barthélemy, akapiga zote mbili, moja baada ya nyingine. Santuri ilichemka kama karanga kikaangoni, besi yake nene ikajaa chumbani. CD ikaanza kimya kabisa. Yalisikika magitaa mawili pale walipodhani miaka yote ni moja, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuimba. Alphonsine hakuwa mtu wa kubishia masikio yake. Ilikuwa safi. Ubeti wa pili ukapita laini, na machozi yakamtoka.

"Njo muzuri, mutoto wangu. Lakini miye namutafuta papa yako mule ndani, simusikie."

Penye wazee hapaharibiki neno, husemwa. Gracien aliliharibu papo hapo, akionyesha spika kubwa ya shughuli.

"Shemeki, sindano iko muzee. Mu baffle kubwa itapiga kelele tupu. Tuweke CD."

Alphonsine alikwenda chumbani kukunja nguo nyeusi, akiona kwamba anamzika mumewe mara ya pili.

Jumapili uwanja ukafurika. Walikuja wenzake Barthélemy wa mgodini, waliobaki, na wake zao, na majirani ambao magoti yao yaliwahi kuwa na nguvu. Alphonsine alikaa kitini na kitenge chake kipya cha kijani, amenuna waziwazi. Gracien akawasha CD. Wazee wakaingia kucheza taratibu, mikono viunoni, wakiimba. Ubeti wa pili ukaanza.

Uwanja mzima ukaruka.

Mguu wa kushoto juu, hopa! Wakatua kwa kishindo, wakaendelea kuimba mstari mmoja mbele ya mwimbaji, ambaye alibaki nyuma peke yake na maneno ambayo wengi walikuwa wameyasahau. Wakatazamana. Mzee Séraphin, aliyekuwa akiendesha winchi na Barthélemy, akashika kiuno, akacheka mpaka akalia. Wengine wakalia bila kucheka. Adrienne alisimama karibu na baffle, mkono mdomoni, kwani mguu wake pia ulikuwa umeruka.

Alphonsine akajikuta amesimama. Hakukumbuka aliinuka saa ngapi, ila kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka na mguu wa kushoto unamwasha kwa kutua vibaya. Mwaka mzima hakuwa amefurahi namna ile, na hakujali nani anamwona.

"Mama, nikuletee ile disque?" Adrienne akauliza taratibu.

"Apana. Wacha ile ilale." Akavua na kiatu cha pili, akakisukuma chini ya kiti. "Anzisha tena hiihii. Papa yako bado hayashiba kuruka."