Wasikilizaji wa Wimbo wa Tisa

Watu wengi wakipenda kitu kimoja kwa wakati mmoja, mimi siwapongezi. Namtafuta aliyewapanga. Ndiyo kazi yangu, na kusema kweli nilikuwa nayo tabia hiyo kabla sijaanza kulipwa kwa ajili yake. Nakaa kwenye dawati la wasikilizaji katika kituo cha redio, chumba kidogo nyuma ya studio, dirisha lake linaangalia ukuta. Kila asubuhi printa inanitapikia meseji ambazo watu wametutumia. Nazisoma zote, kalamu nyekundu mkononi, chai pembeni, na moyoni mawazo mabaya kuhusu binadamu. Ofisini wananiita Mama Hakiki, na wanadhani sijui.

Kila mwezi wasikilizaji wetu wanachagua albamu. Itakayopata meseji nyingi inapigwa yote, na bendi inaitwa studio kupiga moja kwa moja hewani. Kwa bendi isiyo na mbele wala nyuma, hapo ndipo watu wanapoanza kulijua jina lake. Kwa hiyo watu wanadanganya. Kuna mwimbaji mmoja aliyepata meseji tisini kwa siku moja, zote zikimalizika kwa maneno "tunakupenda kuliko usingizi". Nikapiga simu tatu. Zote zilipokelewa na shangazi zake. Tangu hapo nikaweka kanuni, na mkuu wa vipindi akaipitisha: meseji kumi au zaidi zenye maneno yale yale ni fungu la mkono mmoja, na fungu zima linapigwa mstari, halihesabiwi.

Sasa mdogo wangu.

Ni kitinda mimba wetu. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa na mimi ishirini na tatu, nikamlea. Mchana anachomelea mageti na nondo za madirisha. Jioni anaimba na kupiga gitaa katika bendi ya watu wanne inayoitwa Waya Uchi. Wanapiga roki, tena si ile inayochezeka harusini, ni ile wenyewe wanaiita mbadala: magitaa yanakwaruza, ngoma zinakimbia, na mwimbaji anaimba kama mtu anayegombana na ukuta. Miaka saba wamepiga kwenye kumbi ambazo nusu ya wasikilizaji ni wahudumu. Mwezi ule walitoa albamu ya kwanza, nyimbo tisa. Akaniletea flashi ndani ya bahasha, mikono bado inanuka chuma.

"Dada, hii ndiyo ya mwisho," akasema. "Watu wasipoipokea, gitaa nauza. Nimechoka, na wifi yako amechoka zaidi."

"Mimi sina upendeleo," nikamjibu.

"Sikuombi upendeleo. Sikiliza tu."

Sikusikiliza. Nilijiambia ni uadilifu. Kila mtu kazini alijua bendi ni ya mdogo wangu, na mkuu wa vipindi alishanitazama kwa jicho la pembeni. Nikasema nisipozijua nyimbo, hakuna atakayesema nimempigia chapuo. Flashi ikakaa kwenye mkoba wangu wiki tatu, chini ya dawa za kichwa. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Mdogo wangu aliwahi kughushi saini yangu kwenye ripoti ya shule, si mara moja, mara nne, na aliitia vizuri kuliko mimi mwenyewe. Mtu wa namna hiyo simwachii mlango wazi.

Meseji zikaanza kuja. Wiki ya kwanza thelathini. Ya pili sabini. Kufikia Alhamisi ya wiki ya tatu zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, na albamu iliyofuata, ya bendi moja ya nyimbo za mapenzi, ilikuwa na sabini na moja. Mtangazaji wa kipindi, kijana mwenye sauti tamu na kichwa chepesi, alikuja kuegemea mlango wangu.

"Mama, wadogo zako wamewasha moto!"

"Ni mmoja tu mdogo wangu. Na moto hauwaki wenyewe."

Maana machale yalishanicheza. Waliotuma hawakufanana hata kidogo. Muuguzi. Dereva wa lori. Mwalimu wa hesabu. Bibi aliyesema anaazima simu ya mjukuu. Bibi, kwa roki ya kukwaruza! Na karibu wote, baada ya kusema yao, walimalizia kwa maneno matano yale yale: *tuachie taa ya jikoni, dada*. Nilihesabu mara mbili. Meseji mia na arobaini na nane.

Taa ya jikoni ndiyo nini? Nilimuuliza mtangazaji, akainua mabega. Yeye alikuwa anapiga wimbo wa kwanza na wa pili tu, kama anavyofanya kwa kila albamu, na humo hamna jiko wala taa. Nikajua hiyo ni alama. Mdogo wangu amewagawia watu maneno ya kutia mwishoni ili baadaye ajue nani wa kumshukuru. Na lile "dada" kanitilia mimi makusudi, kunikejeli, kwa sababu anajua ni nani anayesoma.

Nikapiga simu. Muuguzi hakupokea. Wa pili alikuwa fundi cherehani, nyuma yake mashine zinanguruma.

"Umeandika tuachie taa ya jikoni," nikamwambia. "Nani kakuambia uandike hivyo?"

Akacheka, kicheko cha mtu anayejua kitu. "Kwani wewe hujui?"

"Ndiyo maana nauliza."

"Basi hujaingia bado. Sisi wenyewe tunajuana." Akakata.

Wenyewe tunajuana! Nikampigia mdogo wangu papo hapo.

"Umewaambia watu waandike nini?"

"Watu gani?"

"Usinichezee. Watu wanatuma meseji kama wamekaa dawati moja."

Nilisikia nyundo ikigonga chuma mahali fulani karibu naye. Kisha akauliza taratibu, "Dada, umeisikiliza?"

Hilo ndilo jibu la mtu anayekwepa, ukiniuliza mimi. Unamwuliza mtu kuhusu wizi, anakuuliza umekula. Nikakata simu, nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari mmoja baada ya mwingine hadi kidole kikaniuma. Mia na arobaini na nane. Zikabaki sitini na nne. Nitasema kama nilivyohisi: nilifurahi. Nilimpenda sana yule kijana, na bado nilifurahi kumkamata.

Matokeo yalitangazwa Ijumaa saa nne asubuhi. Bendi ya nyimbo za mapenzi ikashinda kwa meseji saba. Dakika kumi baadaye mdogo wangu akaniandikia: *Nimesikia. Basi watu hawakuipenda. Kuna jamaa analitaka gitaa, atakuja kesho mchana.* Hakulalamika wala hakunilaumu, na hilo nalo nikalitilia shaka. Nikasema moyoni, kajua ameumbuka.

Jumamosi asubuhi nilienda saluni kusuka. Msusi wangu ni mwanamke mwenye vidole vya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Alishamaliza upande wa kushoto aliposema, "Subiri niweke muziki, nikinyamaza nasinzia." Akachomeka flashi kwenye redio yake. Magitaa yakakwaruza. Nikataka kusema anitolee kelele hizo, lakini nikaona wanawake wawili waliokuwa wakisubiri wameweka simu chini. Ngoma zikatulia. Likabaki gitaa moja na sauti niliyoifundisha kusoma.

Halafu msusi, na wale wawili, na aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, wakaimba pamoja bila hata kutazamana: "Tuachie taa ya jikoni, dada, tunarudi."

"Huo ni wimbo gani?" nikauliza.

"Wa tisa," akasema msusi. "Wa mwisho. Redio hawaupigi. Wavivu wale, hawafiki mwisho. Ukikutana na mtu anaujua, unajua huyo kaisikiliza yote, si wa kusikia juujuu. Mimi kanipa mteja, nami nimempa dada yangu. Hatujaongea miaka miwili. Juzi kanipigia."

"Kwa ajili ya wimbo?"

"Basi usisukwe huku unanidharau," akasema, akacheka, lakini macho yake yalikuwa yamelowa.

Nikamwambia arudie. Nikausikiliza wote, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimetimka. Ni wimbo wa mvulana anayerudi nyumbani amechelewa, kila siku amechelewa, na kila siku anakuta dada yake amemwachia taa ya jikoni ili asijikwae. Taa ile niliiwasha mimi. Lakini sikuiwasha ili asijikwae. Nilikaa nyuma ya mlango wa jikoni nikimvizia, nione anaingia saa ngapi, nimnuse mdomo, nimpekue mifuko. Wasikilizaji mia na arobaini na nane walikuwa wameniandikia kuhusu wema ambao sikuwahi kuwa nao, na mimi nimewapiga mstari mwekundu mmoja mmoja.

Nikainuka.

"Na upande huu?" msusi akashangaa.

"Nitarudi."

"Mama, utaonekana kituko!"

Nilikwenda ofisini hivyo hivyo. Mlinzi alinitazama, akafungua geti bila neno. Nikachukua fungu lote la karatasi, nikampigia mkuu wa vipindi nyumbani kwake. Nikamweleza bila kupamba: kanuni ni yangu, kosa ni langu, yale maneno yanatoka kwenye albamu yenyewe, na katika kituo kizima hakuna aliyekuwa ameifikisha mwisho.

"Hata wewe?" akauliza. "Albamu ya mdogo wako?"

"Hasa mimi."

Akavuta pumzi ndefu. "Jumatatu utasahihisha mwenyewe. Hewani, kwa sauti yako. Na wale wa nyimbo za mapenzi utawapigia wewe uwaambie hawajashinda."

Karakana ya mdogo wangu iko nyuma ya duka la rangi. Nilimkuta amesimama kati ya geti lililoishia nusu na mwanamume mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi, gitaa limening'inia shingoni mwa huyo mgeni, analijaribu kwa vidole vya mtu anayechagua nyanya.

"Mwambie asubiri," nikasema.

Mdogo wangu aliangalia nywele zangu kwanza. "Dada, kuna msiba?"

Nikampa karatasi. Alizishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya masizi, akasoma ya juu, akasoma ya pili, akaanza kuzipindua haraka. Yule mgeni aliacha kugusa nyuzi.

"Hizi zote ni zetu?"

"Zenu. Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Mlishinda."

"Na wino huu mwekundu?"

Nilikuwa nimefikiria njiani namna ya kulisema, nikaona hakuna namna. "Wangu. Nilidhani umewapanga. Wote walimaliza na maneno yale yale."

"Ni kiitikio, dada."

"Sasa najua."

Akakaa juu ya kreti. Alisoma meseji ya bibi yule wa kuazima simu, akairudia, midomo ikicheza. Sikukaribishwa kiti. Kiti kilikuwepo.

"Ulizisoma zote?" akauliza.

"Zote."

"Na hukumwamini hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akatikisa kichwa polepole. Akamgeukia mgeni. "Kaka, samahani sana. Haliuzwi." Yule bwana akavua gitaa, akaliweka juu ya meza ya kazi, akaondoka akinung'unika kuhusu nauli yake. Tukabaki wawili.

"Nilidhani," akasema mdogo wangu, "watu wote wanaweza wasiuelewe ule wimbo, lakini wewe utautambua siku ya kwanza. Nilikuletea kabla ya mtu yeyote. Niliogopa utalia."

Nilikuwa nalia wakati huo, na haikusaidia kitu. Nikaona nikinyamaza hapo nitakuwa nimejipa kilemba cha ukoka mwenyewe, nitoke na sifa ya wimbo mzima. Nikajikaza.

"Ile taa," nikasema, "haikuwa ya kukungoja. Nilikuwa nakuvizia. Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Najua."

"Unajua?"

"Dada, miguu yako ilikuwa inaonekana chini ya mlango. Kila siku." Hakucheka, ila uso ulilegea kidogo. "Nilikuwa naingia, naona viatu vyako, naenda kulala nikijua kuna mtu yuko macho. Nisingekuwa na hivyo viatu sijui ningekuwa wapi sasa."

Nikaangalia viatu vyangu.

Alizipanga zile karatasi vizuri, akazifunga kwa waya mwembamba, akaziweka juu kabisa ya kabati, mahali ambapo cheche hazifiki.

"Jumatatu waambie umekosea," akasema. "Waambie yote, ya kalamu na ya kutosikiliza. Lakini habari za nyuma ya mlango usiwaambie. Kuna watu wamepatana na dada zao kwa wimbo ule."

"Sitawaambia."

"Niapie."

Alinitazama moja kwa moja, kama ninavyowatazama watu mimi, na nikaona hajaniamini. Nikaapa. Akavaa miwani yake myeusi, akaniambia nigeuze uso, anataka kuchomelea.