Mchanga Kwenye Mkate wa Posa

Je, umewahi kutafuna mchanga mbele ya watu, nawe huwezi kuutema kwa sababu umo ndani ya mkate? Oydin alitafuna. Alisimama langoni kwa mumewe, hapa mtaani kwetu, mjini Margilan, mikono ina unga hadi viwikoni, na meno yake yakalia kra, kra, hata aliyekuwa ng'ambo ya mfereji akasikia.

Aliyemlisha ni Bi Robiya, mama wa kijana anayeposa. Alikuja asubuhi na mkate umefungwa kwenye kitambaa cha maua. Akakifungua taratibu, akauweka mkate uso juu kama heshima inavyotaka, maana hata hasira haimpi mtu ruhusa ya kuugeuza mkate kifudifudi. Kisha akamega kipande.

"Kula."

"Bi Robiya, karibu ndani kwanza, chai ipo..."

"Chai ya nini? Kula, nimesema! Mwenzake mkate huu wazee wameuvunja jana kwa wakwe zangu, dua ikaombwa, kila mtu akapewa kipande chake. Babu wa binti kauma, jino likavunjika. Unajua kasema nini? 'Wametuletea changarawe. Mjukuu wetu wanamwona kuku?' Posa ya mwanangu imesimama kwa ajili yako wewe!"

Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo wakazitua chini ili wasikose neno. Nyuma kabisa ya ua, kwenye tanuri la zamani, Muqaddas, dada wa mume wa Oydin, alikuwa akigonga madonge kwa muhuri wa sindano, ule wa kuutoboa mkate katikati usifure. Hakuinua kichwa. Alicheka tu, kwa pua.

Mikate ya posa ya mtaa huu ilikuwa kazi yake Muqaddas tangu alipoachika akarudi kwa baba yake, nyumba hii hii. Masika haya Oydin, mke wa mdogo wake, akataka tanuri lake mwenyewe, na mume akampa ukuta wa langoni, pale kila mpita njia anapopita. Oydin akalifinyanga kwa udongo na manyoya ya mbuzi, akalilaza kivulini likauke. Bado ukiligusa lilikuwa na ule ubaridi wa udongo mbichi, akasikia Bi Robiya anatafuta mikate. Akamkimbilia njiani kabla hajafika kwa wifi yake.

"Langu liko tayari," akasema.

Halikuwa tayari. Akaliwasha moto mkali siku hiyo hiyo, udongo ukachubuka ndani kama ngozi iliyoungua, na kwa kuwa mkate hubandikwa kwenye ukuta wa ndani uive, kila aliobandua ukatoka na mchanga mgongoni. Akaupangusa kwa kitambaa, akajiambia inatosha.

Sasa alikuwa anaumeza mchanga huo. Bi Robiya akamtazama mpaka koo lilipotulia, kisha akapaza sauti kuelekea nyuma ya ua.

"Muqaddas! Ijumaa tunarudi kwa wakwe. Nichomee wewe."

"Mimi?" Muqaddas akapangusa mikono. "Si ulinipita juzi kama unapita gogo? Umempenda wa langoni, kaa naye huyo huyo."

"Usinifanyie hivyo, mwanangu kaposa mara moja tu."

"Tanuri langu zee, bibi. Wewe ulitaka jipya."

Wenye ndoo wakacheka. Bi Robiya akamgeukia Oydin, uso umemwiva.

"Basi ni wewe. Mkate wa posa, wa mafuta ya kondoo, hapa mtaani mnaujua nyinyi wawili tu, na huyo ana kiburi. Ijumaa asubuhi nitauma mwenyewe hapa hapa langoni. Nikisikia chembe, chembe moja, nitapita nyumba hadi nyumba. Hutauza hata kwa jirani yako wa ukuta mmoja. Tanuri lako utafugia bata."

Akaondoka, akauacha mkate, maana mkate hautupwi.

Oydin akakwangua ndani ya tanuri mpaka kucha zikajaa udongo. Akapaka mafuta ya mbegu za pamba ili udongo ushikane, akapaka tena kwa hofu, akarundika mabua ya pamba na kuwasha. Moto ukapanda juu ya ukingo. Kuta zikawa nyeusi tii kwa masizi. Akabandika mkate wa kwanza, ukashika kidogo, ukateleza, pwaa, kwenye makaa. Wa pili nao ukaufuata.

"Wanapika nini leo?" Muqaddas akauliza hewani. "Naona supu."

Oydin akaacha mabua chini. Akavuka ua, akasimama mbele ya wifi yake.

"Nifundishe."

"Sikusikia."

"Umesikia, wifi. Nifundishe, sijui."

"Leo ndiyo hujui? Nilikuona siku unawasha lile tanuri bichi. Nikajua mchanga utatoka."

"Ulijua ukanyamaza? Mpaka babu wa watu anavunjika jino?"

"Ungeuliza."

"Ungeniambia!"

"Ungeuliza! Hatua ishirini tu kutoka hapa. Ulijua njia ya kwenda kuniibia mteja, njia ya kuja kuuliza hukuijua?"

Wakatazamana kwa chuki ya watu wanaokula sufuria moja kila siku. Hatimaye Muqaddas akanyanyua ufagio wake, akatembea hadi langoni, akaingiza mkono ndani ya tanuri.

"Umelipaka kama unamkaanga samaki. Kwangua. Osha kwa maji ya chumvi. Mafuta kiasi cha kulamba tu. Halafu moto wa kitoto, kutwa nzima, na kesho hivyo hivyo. Ukuta ukiwa mweusi, ngoja. Masizi yakiungua ukawa mweupe, ndipo ubandike. Na usinitazame hivyo, sijakusamehe."

"Wala mimi sijakusamehe."

Wakafanya kazi hivyo hivyo, bila salamu. Mkate wa majaribio Oydin aliutafuna mwenyewe, akiusikiliza kwa meno, kisha akawasha tena.

Ijumaa Bi Robiya akafika na vitambaa safi. Akamega, akatafuna. Watu wakasogea kusikiliza mdomo wake.

"Chumvi imezidi," akasema, akafunga mikate yote, akaenda zake bila asante.

Oydin akashusha pumzi. Muqaddas alikuwa bado amesimama kando ya tanuri, kiganja kwenye ukuta uliopoa.

"Haya, furahi," Oydin akamwambia. "Waambie watu ni kazi yako. Lakini nimekukosea nini hasa, hata kabla ya mteja? Tangu nianze kukanda udongo huu hujanipa hata salamu. Sema, wifi, tuuane mara moja tumalize."

Muqaddas hakumtazama.

"Niliporudi kwa baba na begi langu nilisimama hapa hapa, nikaupima ukuta huu kwa macho. Nikasema tanuri langu litakaa hapa, watu wapite wanione, nisifichwe nyuma kama aibu ya nyumba. Nikaona haya kumwomba mdogo wangu. Mwaka ukapita, na mwingine, bado nikaona haya. Wewe uliomba mara moja ukapewa." Akauondoa mkono ukutani. "Nilipataka hapa, Oydin. Nilitaka langoni."