Ijumaa ya Metrine

Ulikuwepo. Usijifanye umesahau. Ulisimama kwenye korido ya ile shule kule Al Warqa, hapa Dubai, mkoba wa mtoto begani, na Metrine alipokuwa akisemwa mbele za watu ukatoa simu ukaanza kuisoma kana kwamba Rais amekuandikia. Hata taa yake ilikuwa haijawaka. Nilikuona.

Kwa kuwa umechagua kusahau, nitakukumbusha mimi, na nitaanzia mbali, kwenye uzuri, maana uzuri ulikuwepo.

Mwaka 2012 mama mmoja wa Kihispania, Amparo, alikodi ukumbi mtaani Karama juu ya mkahawa wa Mmalabari, Mhindi wa Kerala, akaanzisha kundi la flamenko. Hiyo ni ngoma ya kwao: gita, sauti ya kuumia, makofi, na mchezaji anayegonga sakafu kwa visigino mpaka unausikia mshindo kifuani mwako. Alhamisi kundi lilicheza mahotelini, watalii wakila na kupiga picha. Katikati ya wiki Amparo alikwenda kufundisha watoto mashuleni. Ijumaa mlango ulikuwa wazi, bure, kwa yeyote aliyepewa mapumziko, na waliojaa mle tulikuwa sisi: mayaya wa Al Warqa, walinzi, wapakiaji wa mizigo wa Freezone, eneo la maghala ya biashara, wasichana wa mapokezi.

Nikiukumbuka ukumbi ule nasikia mpaka harufu yake, vitunguu vya chini na jasho letu la juu. Sakafu ilikuwa ya vigae, tukatandaza mbao za makreti tulizoomba Freezone, zimeandikwa Kichina. Viatu vya flamenko hatukuviweza, basi fundi wa mtaani akatupigia misumari kwenye viatu vyetu vya kanisani. Sketi tulikata kwenye mapazia. Siku ya kwanza Mmalabari alipanda ngazi amefura, chokaa inamdondokea kwenye chai. Akasimama mlangoni, akatazama. Akashuka. Akarudi na birika la karak, chai ya maziwa na iliki.

"Khalas, pigeni," akasema. "Lakini si saa ya biriani!"

Amparo alikuwa na sharti moja asilolegeza: hakuna anayecheza peke yake. Waliokaa lazima wamwite jina mchezaji akifika pagumu, ajue watu wapo. Wahispania wana maneno yao ya kuitia, sisi tukatia yetu. "Haya, Carolyne!" "Toboa, mama!" "Yalla, yalla!" Mtu aliyeshinda wiki nzima akiitwa "wewe" na "njoo" alisikia jina lake likigonga dari. Nimewaona walinzi wenye mabega kama milango wakilia kwa hilo.

Mkono wa kuume wa Amparo alikuwa Bi Nunu. Huyu ni Mzanzibari aliyezaliwa hapa hapa Dubai, lakini Kiunguja chake hakijapungua chumvi hata chembe. Magoti ya Amparo yalipokataa, alitukusanya kabla hajarudi kwao akasema kundi sasa ni la Nunu. Meneja wa hoteli akapiga simu: mteja anataka kumwona Mhispania.

"Mwambie afumbe macho asikilize miguu," Bi Nunu akamjibu.

Meneja akataka pia ukumbi wa Ijumaa uwe wa mazoezi ya hoteli. Hapo Bi Nunu hakutania. "Ijumaa ndiyo kundi lenyewe, baba. Alhamisi ni kibarua tu."

Na katika hao wa Ijumaa alikuwamo Metrine wa Bungoma, yaya katika nyumba moja Al Warqa. Barabarani ungempita usimwone. Juu ya mbao zile alirefuka. Bi Nunu akampa soleá, ngoma ya pole pole ya mtu aliyebaki na mawazo yake, na tulipomtazama tulisahau kupiga makofi. Tatizo lilikuwa moja: madam wake alijua Ijumaa, siku ya mapumziko huku hata kwa makanisa, anakwenda kanisani.

"Na kanisani si naenda!" Metrine alikuwa akicheka. "Misa ya asubuhi nawahi, sadaka natoa, halafu miguu inanileta huku. Kosa ni la miguu."

Alicheka, lakini Ijumaa ile ndiyo pekee aliyokuwa nayo, na ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Mwaka 2014 shule moja ya Al Warqa ikatualika kucheza Ijumaa jioni mbele ya wazazi. Bi Nunu alikuwa ameshawafundisha watoto wa shule ile makofi, na kuita majina. Metrine alijua fika kuwa ndiyo shule ya Mawadda, mtoto wa madam, aliyemlea tangu akinyonya. Hakuogopa. Ijumaa madam hushinda Sharjah kwa mama yake mpaka usiku. Lakini Mawadda alikuwa amelia wiki nzima akitaka flamenko, na sisi tukiwa nyuma ya pazia Metrine akachungulia, akarudi amebadilika rangi.

"Wamekaa mbele. Madam na mtoto."

Bi Nunu akamshika mkono. "Basi hivi, mwanangu. Kaa nyuma na wapiga makofi, jitande shela usoni. Soleá atacheza Carolyne. Hapana atakayekujua."

"Bi Nunu, mwaka mzima umenipigia kelele niinue kidevu. Leo nikifiche?"

"Ijumaa yako je?"

"Aki, Bi Nunu, nikijifunika leo, hiyo Ijumaa itakuwa ya nini?"

Bi Nunu akamwachia mkono. "Haya, nenda. Kundi nimeachiwa mimi, lawama nitabeba mimi."

Akatoka. Alianza taratibu, mikono ikipanda kama mtu anayeanua nguo mawinguni. Akafika pale pagumu, gita linaponyamaza na miguu inabaki yenyewe. Mawadda akasimama juu ya kiti. Alikuwa amefundishwa vizuri mno.

"Yalla, Metrine! Yalla, Metrine!"

Na watoto wote wakamfuata. Ukumbi mzima wa watoto ukiita jina la yaya! Metrine akageuka, akamwona mtoto wake, akatabasamu, na alivyoigonga sakafu baada ya hapo sijapata kuona tena katika hoteli yoyote, jukwaa lolote.

Kisha korido. Madam hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kanisa lenu zuri," akasema. "Miaka yote hii nimekuachia mwanangu, na hukuweza kuniambia kweli?" Yule mama aliumia, silifichi. Halafu akasema, "Khalas. Ijumaa hakuna tena." Akamshika Mawadda mkono wakaondoka, Metrine nyuma yao bado amevaa viatu vya misumari, akisikika koridoni, ka, ka, ka, mpaka getini. Ndipo wewe ulipokuwa unasoma simu.

Bi Nunu hakulala. Alitaka watu waende naye kwa madam, kwa adabu, kuomba msamaha na kuomba siku moja irudishwe. Akamwendea kaka yake Sultan, mtu wa biashara, Kiarabu chake maji.

"Mambo ya nyumba za watu hayo, Nunu. Mimi nna jina langu."

Akamwendea Jeremy, mwenyekiti wetu Wakenya, bingwa wa mikutano.

"Tutaandika barua pepe, Bi Nunu. Tufuate utaratibu."

Hiyo barua pepe bado inaandikwa.

Akaenda peke yake. Alipokewa vizuri, kahawa na tende. Akaeleza yote. Madam akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, na Bi Nunu alitusimulia neno kwa neno: "Lingekuwa jambo kubwa kwenu, mngekuja wengi. Umekuja wewe tu."

Metrine hakukanyaga Karama tena. Mkataba ulipokwisha alirudi Bungoma. Soleá haikuchezwa Ijumaa tena. Bi Nunu hakumpa mtu.

Sasa ni 2019, na kundi bado lipo, mashuleni, mahotelini, na Ijumaa. Juzi Kuruthum wa Lindi, yaya pale pale Al Warqa, amenyang'anywa siku yake. Hakudanganya mtu, alionekana tu kwenye picha ya onyesho. Bi Nunu anakwenda kuongea na mwajiri wake Jumamosi hii, baada ya swala ya alasiri. Hataki pesa zako wala hotuba yako. Wewe unayejua Kiarabu, wewe mwenye kanzu ya heshima, wewe mama wa kwaya, wewe mwenyekiti: tunakutana chini ya ukumbi, Karama, na gari zipo. Mpigie mwajiri wako sasa hivi uombe ruhusa, na ukimaliza mpigie na jirani yako. Safari hii tuijaze ile sebule mpaka wakose vikombe.