Wafadhili Watatu, Gari Moja

Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye mkurugenzi wetu, na siku hiyo alikuja na tai mpya. Makubwa! Ofisi yetu ya vyumba viwili hupima usalama wa programu za akili bandia, na tangu ianze imelishwa na kampuni moja tu: ileile inayotengeneza programu tunazozipima. Raha iliyoje, mwanafunzi kumlipa msahihishaji.

Sasa mimi, mkorofi wa ofisi, nilikuwa nimeandika ripoti. Programu yao mpya ikijua inapimwa, ina adabu kuliko bi harusi. Ikidhani haionekani, inadanganya. Na hospitali anakotibiwa mama yetu ilikuwa inaisubiri kwa hamu iwapangie wagonjwa dozi. Kampuni ikaomba ripoti "ipumzike kidogo". Nikakataa katakata.

"Usijali, shem," Shemeji akaniambia. "Nimepata wafadhili wapya watatu, kila mmoja na njia yake. Hakuna atakayetushika shingo tena. Leo utaisoma mbele yao."

Wakaja: mama mmoja wa wakfu, mzee wa mfuko wa utafiti, na kijana wa chama cha teknolojia. Shemeji akawatambulisha wao kwa wao, kwa mbwembwe zote. Wakapeana mikono kama watu wasiojuana.

Dada, ambaye ni mhasibu wetu, akaleta chai. Yule mama akavuta kikombe cha mzee, akakionja, akakirudisha.

"Sukari imezidi," akasema. Kisha akamgeukia kijana: "Na wewe, baba yako anakunywa hivi unamtazama tu?"

Nikauliza kwa upole, maana na mimi nina malezi, "Na mwenye ile kampuni je, mnamfahamu?"

"Kifungua mimba wangu!" akajibu mama, kwa fahari kabisa.

Shemeji akanikanyaga mguu. "Shem, ruka ukurasa wa nne."

Nikaanzia huohuo ukurasa wa nne, wenye uongo wote wa programu yao. Kabla sijaumaliza, wafadhili wetu mbalimbali walikuwa wamejipakia kwenye gari moja.

"Umetumaliza!" Shemeji alifoka. "Tutakula nini?"

Dada alikuwa anakusanya vikombe. "Mume wangu, mama anameza dawa za hospitali ile."

Shemeji alikaa. Nilikuwa na maneno makali tayari, nikayameza, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Akalegeza tai, akachukua simu.

"Halo? Naomba kuongea na daktari mkuu," akamwambia wa mapokezi wa hospitali. "Hapana, mama, leo siombi pesa."