Waliopumzika Njiani

Jumatano ya pili ya Agosti, 'Mamohau alikuwa zizini akikata samadi. Baridi ya milima ya Maluti ilikuwa imeikausha vizuri, na sepetu ilitoa vipande vya mraba ambavyo alivipanga ukutani vipate jua kabla ya kuvichoma jikoni kama kuni. Kwenye kona ya mashariki sepetu ilizama ghafla. Chini ya samadi palikuwa na udongo laini wa buluu iliyochanganyika na kijani, wenye punje nyekundu kama za komamanga. Aliutambua. Ujana wake wote aliuchekecha udongo kama huo pamoja na mama yake, kabla kampuni ya almasi haijauzungushia mlima waya. Tofauti ilikuwa moja: huu ulikuwa na joto.

Akaenda kuleta bakuli la unga wa mkate uliokandwa, akaliweka juu yake. Unga uliumuka kwa nusu saa.

Udongo ulipanda upana wa kiganja kila siku. Majirani walikuja kupasha miguu, wakakaa na blanketi zao mabegani wakizungumzia kondoo. Theluji ya Jumapili ilianguka kijiji kizima isipokuwa kwenye kona ile.

Jumatatu ikatoka kofia ngumu ya mgodini, namba 417. 'Mamohau akaipangusa kwa aproni, akaitundika kwenye msumari wake wa zamani nyuma ya mlango.

Mumewe, Tlhoriso, aliivaa kofia hiyo asubuhi aliyokwenda zamu, miaka kumi na moja iliyopita. Mchana wake ukuta wa mashariki wa shimo uliporomoka, na watu watatu hawakuonekana tena. Kampuni ilisema shimo lilikuwa tupu saa ile. Kwenye daftari la zamu, mbele ya majina matatu, karani akaandika kwa wino: Amekimbia kazi. Bila barua ya mgodi chifu hakuweza kugonga muhuri wa kifo, na bila muhuri ukoo haukuweza kumvisha 'Mamohau kitambaa cheusi cha maombolezo. Asiyevishwa hawezi kuvuliwa. Kwa hiyo hakuwa mjane wala mke. Kwenye mazishi ya wengine hakukaa na wajane wala na wenye waume zao. Alikaa na masufuria. Alitaka jambo moja tu: avishwe, alie, avuliwe, yaishe.

Alhamisi alasiri akatoka Tlhoriso mwenyewe. Alijikung'uta zizini, akaja mpaka mlangoni.

"Chai ipo?" aliuliza.

"Ipo. Vua hicho kiatu kwanza, sakafu nimeisiriba leo."

Alikuwa na kiatu kimoja. Nywele zake zilijaa vijiwe vya kijani vinavyopitisha mwanga. Alikunywa vikombe vitatu, kisha akaeleza alikokuwa.

"Nilishuka na shimo, 'Mamohau. Lile shimo ni koo la volkano ya zamani. Nikashuka mpaka linakoanzia, kilomita mia na hamsini, labda mia mbili. Huko ndiko almasi zinakokaa. Zimekaa tangu dunia ikiwa changa, hazina haraka na mtu."

"Na kurudi?"

"Kurudi ni siku moja. Mwamba ukiyeyuka ukajaa gesi, unapanda kama soda iliyotikiswa. Ila usisimame. Almasi ikikawia njiani inageuka ile nyeusi ya ndani ya penseli."

"Na wenzako?"

"Pitso na Sekake walisema wakae kidogo wapumzike." Akatazama ndani ya kikombe. "Niliwaambia."

Alisema pia kwamba amekufa, na kwamba angependa kuzikwa vizuri, kama si usumbufu.

Jioni dada yake mkubwa, Puseletso, alikuja na mkongojo. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amewaambia watu kwamba mdogo wake ana mwanamke Welkom, mji wa migodi ng'ambo ya mpaka. Alimshika shavu, akalifinya.

"Welkom hawakulishi vizuri. Uso umekuwa mwamba."

"Sijafika Welkom, dada."

"Naona. Mwanamke gani angekupokea na kiatu kimoja?"

Akapenga kamasi kwenye ncha ya blanketi. Hakuomba msamaha. Aliuliza kama kuna kondoo aliyenona.

Lakini chifu bado alitaka barua. Ijumaa wote watatu walipanda mpaka ofisi ya mgodi, ambako Ramabele, aliyeandika maneno yale, alikuwa bado karani.

"Ntate Ramabele, habari za siku nyingi," alisema Tlhoriso kwa heshima.

"Njema, Ntate. Umepotea."

"Nilikuwa chini."

Ramabele alimwita binti wa idara ya miamba. Binti alimgonga Tlhoriso kiwiko kwa nyundo ndogo, akazikagua nywele zake kwa kioo cha kukuza, akafurahi sana.

"Huu ni mwamba wetu wa almasi kabisa, kimberliti ya ukuta wa mashariki," alisema. "Na Ntate mwenyewe ni jiwe geni. Mwamba ukipanda hubeba vipande visivyo vyake." Akaomba unywele mmoja. Akapewa.

Ramabele aliandika maneno hayo yote kwa makini. Kisha akalifungua daftari la zamani, akalisoma, akalifunga, akamgeukia 'Mamohau.

"Tatizo ni hili, 'M'e. Aliyefia shimoni hawezi kusimama mbele ya meza yangu. Huyu amesimama. Basi hakufa. Na kama hakufa, siku ile alikwenda wapi?"

"Chini," alisema 'Mamohau.

"Bila ruhusa."

"Ntate, ukuta ulinibeba," alisema Tlhoriso.

"Sikukatalii. Nakwambia kilichoandikwa."

Akamsogezea kitabu cha wageni. Tlhoriso alitia sahihi kwa mwandiko wake mzuri, saa nne na robo.

Walishuka, na kijitoni Puseletso akasimama.

"Yule karani," alisema, "mama yake alizikwa kwa barua ya nani?" Akavuka. Upande wa pili akageuka, akimwangalia 'Mamohau. "Kitambaa ninacho. Nilikinunua mwaka ule ule. Kiko chini ya godoro."

Jumamosi alichinjwa kondoo. Puseletso alimvisha wifi yake kitambaa cheusi mbele ya ukoo mzima, na Tlhoriso alishika pini.

"Umekipindisha," alisema.

"Nyamaza, marehemu."

Alikula ini, akaomba chumvi. Kisha akafungwa ngozi ya kondoo, akaketi kwenye kona yenye joto akitazama linakochomoza jua, kama walivyoketishwa wazee wake. Wanaume waliimba. Mmoja alipoimba chini mno, Tlhoriso alimpandishia sauti. Udongo ulishuka naye polepole. 'Mamohau alilia kama alivyotaka kulia, wajane wakiwa wamemzunguka, na hakuna aliyemtuma kuangalia masufuria. Kufikia Jumapili kona ilikuwa baridi kama zizi lolote.

Daftari la zamu halikubadilika. Majina ni matatu, na maneno mbele yake ni yale yale.

Ng'ambo ya kijito, mke wa Pitso na mke wa Sekake walianza kukata samadi kwenye kona za mashariki za mazizi yao. Mwezi wa Septemba, katika kila zizi, lilitoka jiwe moja jeusi, laini, linaloteleza kama sabuni na kuacha weusi vidoleni. Chifu alikuja, akayagusa, akasikitika. Muhuri haugongwi kwa ajili ya jiwe.

'Mamohau aliwapelekea mkate, kitambaa chake cheusi kikiwa begani. Walikaa wote watatu juani, wakala. Kisha kila mke akavunja kipande cha jiwe lake, akaandika jina la mumewe kwenye ukuta wa nyumba kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka barabara ya malori ya mgodi.

Mvua ikiyafuta, wanaandika tena. Mawe bado ni makubwa.